Saa Sita, Saa Tisa



Katika sakristia ya parokia yetu ya nyumbani, upande wa Kishapu mkoani Shinyanga, kuna kabati ambalo kila frateri anayekuja likizo hupewa kazi ya kulipanga. Ndani mna vinara vilivyovunjika miguu, mapambo ya Noeli, nota za kwaya zilizoonjwa na mchwa na, kwa miaka mitatu sasa, kisanduku cheusi chenye ubavu wa mbao. Urefu wake ni kama rula ya shule, na uso wake wote umejaa nobu za kuzungusha na vitobo vya kuchomekea waya. Kiliachwa na kijana mmoja wa Ulaya aliyekuja kujitolea kufundisha muziki. Siku ya kuondoka begi lake lilizidi uzito, basi akakitoa zawadi kwa kwaya.

Kwaya haikujua iifanyie nini zawadi hiyo. Mwalimu wa kwaya alikiunganisha na spika baada ya mazoezi, akabonyeza, kikatoa mlio mmoja mzito kama trekta linalopanda kilima. Akabonyeza vibonyezo vitatu kwa pamoja apate kodi, kikatoa noti moja tu. "Kinanda gani hiki kisichoweza hata sauti mbili?" akasema. Kikarudi kabatini, jirani na pango la Noeli.

Mimi napiga kinanda tangu seminari ndogo, na likizo iliyopita nilimwomba Baba Paroko nikichukue nyumbani nikakisome. Ninaandika makala hii kwa sababu ya jambo ambalo kisanduku hicho kilinionyesha juu ya kaka yangu, na kwa sababu ya kosa ambalo familia yetu ilimkosea, mimi nikiwa mbele. Kaka ameisoma yote na ameruhusu itoke, ila amekataza nisitaje jina lake.

Kwanza niseme ni chombo gani. Ni sinthesaiza ya analojia iitwayo Mother-32, iliyotolewa na kampuni ya Moog ya Marekani mwaka 2015. Vinanda tunavyotumia kanisani vimehifadhi ndani yake sauti zilizokwisha kutengenezwa, filimbi, tarumbeta, ogani, na ukibonyeza vinakutolea ile uliyoichagua. Hiki hakina sauti yoyote iliyohifadhiwa. Kina umeme unaopanda na kushuka, basi. Sehemu iitwayo osileta inautikisa umeme huo mara nyingi kwa sekunde. Ukitikisika mara 440 unapata ile noti ya A ambayo wapigaji hulinganishia ala zao. Mlio unaotoka hapo ni mkali na mnene, kama nyuki ndani ya kopo. Kisha unapita kwenye chujio, na kwangu mimi chujio ndilo moyo wa chombo chote. Chujio halitengenezi sauti, linaondoa. Ukilifunga, masafa ya juu yanazuiwa na unabaki na mvumo wa chini, kama ngoma inayopigwa kijiji cha pili. Ukilifungua, ukali unarudi kidogo kidogo mpaka mlio unang'ata masikio. Kuna swichi pia ya kuligeuza lifanye kinyume, lizuie ya chini na kuyapitisha ya juu peke yake. Mwishoni kuna saketi inayoamua sauti ianze ghafla au ije taratibu, na ikishaanza ife upesi au ining'inie.

Robert Moog alipoanza kuunda vyombo vya namna hii mwaka 1964, kila sehemu ilikaa peke yake, na bila kuziunganisha kwa waya hupati hata mlio mmoja. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, ambayo miunganisho yote ilifungiwa ndani: unawasha, unapiga. Katikati ya hizo mbili kuna aina ya tatu, mfano maarufu ukiwa ARP 2600 ya mwaka 1971, na Mother-32 ni ya ukoo huo. Inaitwa semi-moduli. Ndani imekwisha kuunganishwa, kwa hiyo inalia bila waya hata mmoja. Lakini viungo vyake vingi vina vitobo usoni, na ukichomeka waya mahali panapohusika, muunganisho wa ndani unakatika na kuupisha ule wako.

Mother-32 ina vitobo 32, na msomaji anikumbukie kimoja. Ndani ya chombo mna kifaa cha kutoa kelele tupu, shhh, kama mvua juu ya bati, nayo imekwisha kuungwa kuelekea kwenye chujio. Ukichomeka waya wa sauti kutoka nje, kelele hiyo inanyamaza, na sauti yako, hata ikiwa ni ya simu, ndiyo inayopita kwenye chujio badala yake.

(Kabla sijaulizwa: sijapendekeza kipigwe Misani. Hati ya Sacrosanctum Concilium, namba 120, inaipa ogani ya mabomba heshima ya pekee, na inaruhusu ala nyingine kwa idhini, mradi zinafaa au zinaweza kufanywa zifae kwa ibada. Mimi sina hakika kama hiki kinafaa. Mwalimu wa kwaya ana hakika kwamba hakifai. Hatujagombana.)

Sasa kaka. Ananizidi miaka tisa. Baba alipoanza kuugua, yeye ndiye aliyeacha shule akaenda machimbo ya Nyarugusu, Geita, na ada yangu ya seminari ndogo ilitoka kwenye mawe aliyoyaponda. Alianza na nyundo, akaingia duarani na mashine ya kutoboa mwamba, baadaye akawa msimamizi wa karasha. Aliyewahi kupita karibu na makarasha yakisaga anajua: unamwona mtu anafungua mdomo na kufumba, maneno yamemezwa na vyuma.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa na Misa ya kumbukumbu ya baba, pale nyumbani. Asubuhi Padre alikuwa na kigango kingine, kwa hiyo tulipanga saa sita mchana. Mama alimpigia kaka simu, akamwambia siku na saa. Siku ilipofika tulimsubiri mpaka saa sita na nusu, Padre akaanza. Kaka aliteremka kwenye bodaboda saa tisa kasoro dakika kumi, amevaa suti, nyuma yake bodaboda nyingine imebeba gunia la mchele na kreti mbili za soda. Watu walikuwa wanakunja maturubai. Shangazi akamwuliza mbele ya wageni kama dhahabu imemsahaulisha kaburi la baba yake. Kaka akajibu, "Nimekuja saa mliyoniambia."

Tukasema ni kiburi. Nani asiyejua tofauti ya saa sita na saa tisa?

Mimi nilifanya vibaya kuliko shangazi, maana yeye alisema kwa hasira na mimi nilisema kwa utulivu. Wiki iliyofuata nilimpigia simu nikamhutubia karibu dakika ishirini juu ya amri ya nne ya Mungu. Nikaongeza kwamba nimesikia haonekani tena kwenye Jumuiya wala kwenye kitubio. Alikuwa akiitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, Frateri." Nakumbuka nilimwuliza, "Kwa nini lakini?" naye akajibu, "Ndiyo." Nilikata simu nikijiona nimetimiza wajibu.

Likizo hii iliyopita alikuja kuezeka upya nyumba ya mama. Alikuwa mpole, anafanya kazi kutwa nzima, na jioni akikaa nasi anatabasamu zaidi kuliko anavyozungumza. Jioni moja niliweka kisanduku mezani, nikakiunganisha na spika ya kwaya, watoto wa dada wakajazana. Niliweka swichi sauti isikatike, nikaanza kufungua chujio polepole. Watoto wakashangilia mlio ulipozidi kung'aa. Mama akasema nipunguze, unamchoma.

Kisha nikawaonyesha kelele. Niliigeuza ile swichi ya chujio lipitishe masafa ya juu tu, nikazungusha nobu mpaka ikabaki ssss nyembamba. Mtoto mdogo akasema ni mafuta ya kukaangia, mkubwa akasema ni nyoka. Kaka alikuwa amekaa jirani na spika kuliko sisi sote, mkono wake juu yake.

"Umezima?" akaniuliza.

Watoto wakacheka, wakadhani anatania. "Mjomba hasikii!" Mimi pia nilicheka kidogo. Nikarudisha nobu nyuma, akatikisa kichwa: sasa anasikia. Nikaipeleka mbele tena bila kusema kitu, nikimtazama usoni. Mahali palepale, uso wake ulitulia kama mtu aliyeachwa na gari.

Baadaye tulikaa nje, sisi wawili, nikamwuliza nikimtazama. Alisema masikio yake yanalia usiku, kama nyenje, kwa miaka mingi sasa. Mwanzoni alidhani Nyarugusu kuna nyenje wengi. Nikamwuliza kwa nini hawazibi masikio. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Chini kule, alisema, ukiziba masikio hutasikia mwamba ukianza kuachia. Kwa hiyo unayaacha wazi ili upone leo. Kwenye karasha angeweza kuziba, lakini alikuwa amekwisha kuzoea, na hakuna aliyekuwa akiziba. "Sauti za watu nazisikia," alisema. "Maneno ndiyo yanapotea."

Usiku huo sikulala mapema. Nilimwomba mama aseme kwenye simu yangu, nikamrekodi: "Misa ya baba ni saa sita." Kisha: "Misa ya baba ni saa tisa." Hakuniuliza ni ya nini. Nikachomeka waya kutoka kwenye simu mpaka kile kitobo cha sauti ya nje, nikarudisha chujio kwenye kuzuia ya juu, nikavaa spika za masikioni.

Chujio likiwa wazi, mama alikuwa mama. Nikaanza kulifunga. Kwanza sauti yake ilizeeka, kama anaongea kutoka chumba cha pili. Nikazidi kufunga. Irabu zilibaki zote: i, a, zile a zake ndefu za Kisukuma zilisimama imara. Lakini s ililainika ikawa pumzi, t ikawa kigugumizi kidogo tu, na kufikia mahali fulani kwenye nobu, rekodi mbili zikawa kitu kimoja. Saa i-a. Saa i-a. Nilizirudia mara nyingi, nikibadilisha mpangilio ili nijipime bila kutazama simu. Nilikosea kama mtu anayerusha sarafu.

Sita na tisa ni konsonanti zilezile mbili zilizobadilishana viti, na konsonanti hizo mbili hukaa juu, kwenye masafa ambayo kelele za mashine huyaharibu kwanza. Sikio la kijana mzima hupokea kutoka hezi 20 mpaka karibu 20,000. Uharibifu wa kelele kwa kawaida huanzia kati ya 3,000 na 6,000, na hapo ndipo s, f, sh na t zina nguvu kubwa. Irabu ziko chini yake, ndiyo maana mtu anaweza kusikia kwamba anasemeshwa asijue anaambiwa nini. Halafu kuna simu: mawasiliano ya simu ya kawaida hupitisha takribani hezi 300 mpaka 3,400 tu. Mama alikuwa amepitishwa kwenye chujio moja kabla hajafika kwenye lile la kaka.

Najua nobu yangu si kipimo cha daktari. Sikio lililoumia lina matatizo mengine ambayo kisanduku hakiwezi kuyaiga, pamoja na hao nyenje. Lakini nilikuwa nimesikia vya kutosha.

Katika falsafa tumesoma kitabu cha pili cha Aristotle juu ya nafsi, mahali anapotenganisha mlio na sauti ya kusema. Kukohoa ni mlio, anasema. Sauti ya kusema ni ile yenye roho ndani yake na inayobeba maana. Nilipoisoma hoja hiyo darasani nilidhani kazi yote iko upande wa msemaji. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anarudia mara nyingi kwamba kitu hupokelewa kulingana na hali ya anayekipokea. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wangu na nililijibu vizuri, nikatoa na mfano wa maji na kibuyu. Miezi kadhaa kabla ya mtihani huo nilikuwa nimemhutubia kaka yangu dakika ishirini kwenye simu.

Kwa Aristotle huyohuyo nina malalamiko. Katika kitabu chake kidogo juu ya hisi anadai kwamba kusikia ndiko kunakochangia zaidi akili, na kwamba waliozaliwa vipofu huwazidi akili waliozaliwa bubu na viziwi. Nilimkasirikia siku kadhaa. Kaka anauweka mkono juu ya mwamba na kujua kama uko salama, na alikuwa ameishi miaka akikisia midomo ya watu bila mtu yeyote katika familia yetu, frateri wao akiwemo, kugundua. Hiyo nayo ni akili, na inachosha. Alinieleza kwamba Jumuiya aliiacha kwa sababu wanakaa kwenye mduara gizani, jioni, na akijibu visivyo wanacheka.

Kilichoniuma zaidi ni kitubio. Mnong'ono hauna mtetemo wa koo. Ni kelele tupu inayochongwa na mdomo na ulimi, sawasawa na kile kifaa cha kelele kinachopita kwenye chujio. Ukiuondolea masafa ya juu haubaki hata mvumo wa kukisia. Na sisi tunanong'ona wapi kuliko kwenye kiti cha maungamo, nyuma ya wavu, mahali ambapo hata mdomo wa padre hauonekani? Kaka aliniambia alikuwa akisema dhambi zake, kisha anasubiri. Ukimya ukiwa mrefu anajua padre amemaliza, anajiandikia ishara ya msalaba na kutoka. Baada ya miaka kadhaa akaona aibu, akaacha.

Nilimwomba msamaha asubuhi iliyofuata, nikiwa mbele yake, kwa sauti ya kawaida lakini polepole, maana kupiga kelele hakusaidii: kunaongeza irabu tu. Mama alilia. Shangazi alikuja na kuku. Kaka alisema yameisha, kisha akarudi juu ya paa, na nadhani alifurahi kuwa mahali ambapo hakuna anayeongea naye.

Mwezi huohuo nilimsindikiza hospitali ya rufaa Mwanza, wakampima. Mstari kwenye karatasi yake ulikwenda sawa, kisha ukaporomoka upande wa masafa ya juu, kama mtu aliyechora ukingo wa duara. Walituambia kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena, ila kifaa cha kusaidia kusikia kinaweza kumrudishia sehemu. Tunachangishana. Kwa sasa amenunua viziba masikio vya karasha kwa ajili yake na vijana wake, na mambo ya saa tunamwandikia kwa tarakimu: saa 6, saa 9.

Kabla hajarudi Geita nilimweleza Baba Paroko, kwa ruhusa ya kaka. Hakusema mengi. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Yesu anamtoa kiziwi kando ya umati kabla ya kumponya, na anatumia vidole na mate kabla ya kutumia neno. Sijui kama Baba Paroko alikuwa anaifikiria sehemu hiyo. Alichukua viti viwili vya plastiki kutoka ofisini, akavipeleka nyuma ya nyumba ya mapadre chini ya mwembe, mbali na watu, akaviweka vikitazamana, na akamwita kaka mchana, jua likiwa linamwangaza yeye usoni.

Mimi nilikaa kwenye ngazi za kanisa, mbali. Walichukua muda mrefu. Kaka aliporudi alikaa karibu yangu akifuta jasho. Aliniambia kwamba miaka ile yote, kwa kuwa hakuwahi kusikia malipizi aliyopewa, alikuwa akisali rozari nzima kila mara, asije akapunja.

"Leo nimesikia," alisema. "Salamu Maria tatu. Tatu tu, Frateri." Akaninyoshea vidole vitatu, kama vile mimi ndiye nisiyesikia.